Mwembe wa Mweru: Mti Uliofika Bila Ghala Lake

Mwanafunzi mpendwa, leo nakualika tutoke pwani tuliyoizoea katika masomo yetu. Chukua ramani, utafute mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha uufuate mto Luapula unavyoelekea kaskazini mpaka unapoingia katika Ziwa Mweru. Ufuo wa mashariki wa ziwa hilo ni wa Zambia. Hapo upo mji wa Nchelenge na jirani yake Kashikishi. Ukiendelea kaskazini na kuuvuka mto Kalungwishi, utaingia wilaya ya Chiengi, na huko ndiko kwa Puta, mtemi wa Wabwile, ambaye jina lake limekuwa pia jina la mahali. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na mji wa Pweto, ambako Kiswahili cha Katanga husikika sokoni. Lugha unayojifunza, basi, haikomei Mombasa wala Kigoma; mawimbi yake yanafika mpaka hapa.

Katika vijiji vya ufuo huo, mwembe ni mti wa kawaida kabisa. Matunda yake huiva kuanzia Novemba hivi hadi Januari, na ni vyema uuangalie wakati huo kwa makini. Tarehe 1 Desemba serikali ya Zambia hufunga uvuvi katika Mweru na Luapula mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaliana. Mahindi nayo bado ni machanga shambani. Ziwa limefungwa, ghala la nafaka linakaribia chini, na juu ya vichwa vya watu miembe imeelemewa na matunda. Watu hula maembe asubuhi, mchana na jioni, na bado mengi huanguka, hupasuka na kuoza chini ya mti. Mwezi wa Machi ukiingia hakuna hata moja.

Mtu mwenye haraka atasema kwamba wanavijiji hawajui kuhifadhi chakula. Si kweli. Watu hawa hawa hukausha samaki kwa moshi na kwa jua, hata akafika masoko ya mbali akiwa mzima. Huloweka muhogo, huuanika, huutwanga, na unga wake hukaa. Swali ninalotaka tulifuate pamoja, basi, ni la kihistoria kabla halijawa la kilimo: kwa nini watu waliojua kumhifadhi samaki na kuuhifadhi muhogo hawakuwa na njia kama hizo kwa embe?

Kabla hatujaanza safari, nikupe maneno mawili. La kwanza ni kuvunda, maana yake kuoza na kutoa harufu mbaya. La pili ni kuvundika, yaani kuyaweka matunda mabichi mahali pa joto na kuyafunika, kwa majani, majivu au gunia, ili yaive upesi. Tazama jinsi yanavyofanana. Waliolitunga neno la pili walikuwa wameona kwamba kuiva na kuoza ni mwendo mmoja, na tofauti yake ni siku chache tu. Sayansi imekuja kuwaunga mkono. Embe ni miongoni mwa matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuanguliwa. Hupumua, hutoa joto, na hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huliamuru liive na kuwaamuru majirani zake vilevile. Ukilifunika, gesi haiponyoki, na kazi inakwenda haraka. Lakini gesi hiyo haijui kusimama. Embe lililoiva Jumatatu linaweza kuwa uchafu ifikapo Ijumaa.

Sasa turudi nyuma, tena nyuma sana. Asili ya mwembe ni Asia ya Kusini, na ulivuka Bahari ya Hindi mapema. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alipita Mogadishu kabla ya kufika Mombasa na Kilwa. Katika maelezo ya chakula alichokirimiwa Mogadishu anataja wali na vitoweo vyake, na kando yake ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Anaeleza kwamba tunda hilo linafanana na tofaa lakini lina kokwa. Likiiva huwa tamu na huliwa kama tunda, lakini kabla ya kuiva huwa kali kama ndimu, na hapo hutiwa katika siki.

Nataka ukae kidogo na habari hiyo. Karibu miaka 700 iliyopita, watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na achari ya embe mezani. Hawakungoja embe liive halafu waanze kuhangaika. Walilichukua likiwa bichi na gumu, wakalitia mahali ambapo uozo hauwezi kuingia. Elimu ya kulihifadhi tunda baada ya kulivuna si ngeni kwetu, wala haikuletwa na mradi wa juzi.

Kutoka pwani mwembe ulipanda bara. Wanahistoria wengi huuhusisha uenezi wake na njia za misafara ya karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Miembe ya miji hiyo inajulikana hata leo, na Ujiji wanasimulia kwamba Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871. Si vigumu kuelewa jinsi mti ulivyosafiri. Mpagazi anakula embe, anabeba kokwa au analitupa penye kambi, na mvua inafanya kazi iliyobaki. Tusisahau pia kwamba wengi waliopita chini ya kivuli hicho walikuwa wamefungwa minyororo. Ni kivuli kizuri chenye historia mbaya, na mwalimu anayekusifia kivuli bila kukutajia minyororo anakupunja.

Misafara hiyo ilifika Mweru. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Tippu Tip, alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa katika nchi iliyo kati ya Tanganyika na Mweru, akamshinda na kuchukua pembe nyingi. Ukitaka kusoma habari hiyo kwa Kiswahili cha mwenyewe, ipo katika kitabu chake cha maisha, na nakuhimiza ukisome, ilimradi ukumbuke kwamba anayesimulia ni mshindi. Novemba ya mwaka huo huo Livingstone alifika ziwani, kisha akaenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula, na huko akamkuta Muhamad bin Saleh, mfanyabiashara kutoka pwani aliyekuwa amekaa nchini humo miaka mingi. Kiswahili, basi, kilisikika katika bonde hili kabla ya Kiingereza kuwa na ofisi yoyote hapo.

Neno lenyewe linatupa dokezo. Katika Kibemba, lugha kubwa ya eneo hili, maembe huitwa imyembe. Wewe uliyejifunza ngeli utaliona jambo hapo mara moja. Kiswahili hutenganisha: mwembe ni mti, embe ni tunda. Kibemba kimechukua umbo la mti, mwembe na miembe, kikalitumia hata kwa tunda. Sisemi kwamba huo ni ushahidi wa kupeleka mahakamani, na najua wamisionari, machifu na watawala wa kikoloni nao walipanda miembe baadaye. Lakini linanipendeza wazo hili: kilichofika Mweru kilikuwa mti. Achari haikufika. (Nawe ukikuta kwenye ramani kisiwa kiitwacho Kilwa ndani ya Ziwa Mweru, usikimbilie kutangaza kwamba jina limetoka pwani. Majina kufanana ni mwanzo wa uchunguzi. Kazi yenyewe bado iko mbele.)

Kwa nini achari haikuufuata mti? Linganisha na muhogo, nao ni mgeni, umetoka Amerika ya Kusini. Katika bonde la Luapula muhogo ulienea pamoja na utawala wa Walunda wa Kazembe katika karne ya 18. Muhogo mchungu una sumu. Anayeula bila kuuloweka na kuukausha anaweza kufa. Kwa hiyo haukuweza kusafiri peke yake. Kila aliyepewa kipande cha kupanda alipaswa kupewa na maelezo ya jinsi ya kuuandaa, la sivyo zawadi ingekuwa mauti. Ukali wa muhogo ulilazimisha elimu isafiri nao. Embe halina sharti hilo. Mtoto wa miaka mitatu akiliokota analijua kulila. Utamu wake ndio uliolinyima maelezo.

Sababu ya pili iko angani. Huko India maembe mengi huiva katika miezi ya joto kavu kabla mvua kubwa za Juni hazijashuka. Ndiyo maana vipande vya embe bichi huanikwa juani, vikakauka na kusagwa kuwa unga wa kutia ukali kwenye mchuzi. Kule Zanzibar msimu mkubwa huangukia zaidi wakati wa kaskazi, na Januari na Februari huwa na jua kali. Mweru mambo ni kinyume. Maembe huiva mvua inaponyesha, na Luapula ni mkoa wa mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ukianika vipande vya embe asubuhi, alasiri wingu linafika, na kesho yake kuna ukungu juu ya kila kipande. Samaki unaweza kumtundika juu ya moto, moshi unamfaa. Embe la moshi nani atalila? Jua lilelile linalokausha muhogo mwezi wa Julai halipo wakati embe linapolihitaji.

Ya tatu ni chumvi na siki. Chumvi ilikuwapo, kandokando ya Mweru wa Ntipa, lile ziwa dogo la majimatope lililo mashariki ya Mweru, watu waliitengeneza kwa jasho na kuiuza mbali. Lakini chumvi iliyopatikana kwa shida hivyo ilikuwa bidhaa ya thamani, na mwenye nayo hakuitia kwenye tunda linalookotwa bure.

Karne ya 20 ilileta mambo makubwa zaidi katika ziwa hili, nayo yote yalimhusu samaki. Nitataja kwa haraka tu kwamba ugonjwa wa malale uliwafanya watawala wawahamishe watu kutoka ufuoni na kuzuia uvuvi katika miaka iliyofuata 1906, na kwamba watu walirudi baada ya muda mrefu. Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu. Upande wa Kongo migodi ya shaba ya kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji kuwalisha wafanyakazi wake. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka makao Kasenga, ukingoni mwa Luapula, wakanunua samaki wa mto na wa Mweru, wakawalaza katika barafu na kuwapeleka Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Barafu katika joto lile, miaka hiyo! Palikuwa na mashine, mashua, malori na barabara, kwa sababu palikuwa na mnunuzi aliyekuwa tayari kulipa.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Zana za kuhifadhi chakula hazikwenda kwenye chakula kilichokuwa kikiharibika zaidi, bali zilikwenda kwenye chakula kilichotakiwa na wenye fedha. Samaki alikuwa na mgodi nyuma yake. Embe halikuwa na mtu. Wala usidhani kwamba samaki alifaidika. Samaki mmoja aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga mayai, alivuliwa hivyo hivyo njiani hata katikati ya karne hiyo akawa karibu kutoweka. Soko likimpenda mtu au kiumbe, haimaanishi kwamba linamtakia maisha marefu.

Huenda ukauliza kwa nini barafu ile ile isingebeba na maembe. Swali zuri. Embe ni mwana wa nchi za joto. Ukiliweka katika baridi iliyo chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, ngozi yake huingia madoa meusi, na pengine halitaiva tena vizuri. Nyuzi 13 ndizo zinazolifaa, na hapo linaweza kukaa wiki mbili au tatu. Kinachomwokoa samaki kinaliumiza embe. Hifadhi ya embe ingehitaji kujengwa kwa ajili yake, na hakuna aliyejenga.

Baada ya uhuru wa mwaka 1964 serikali ya Zambia ilijaribu kuleta viwanda na mashamba ya umma mikoani. Luapula ilipata mradi wa ndizi wa Mununshi na shamba la chai la Kawambwa. Mbali huko magharibi, Mwinilunga ilipata kiwanda cha kusindika mananasi, na wakulima wakaongeza mashamba kwa kukitegemea. Kiwanda kilipodhoofika na hatimaye kufungwa, mananasi yalibaki, na mengi yakaoza. Wengine husimulia habari hiyo kama kichekesho cha uendeshaji mbovu wa serikali. Mimi huisoma tofauti kidogo. Mkulima wa Mwinilunga hakukosea hesabu yake. Aliambiwa kuna mnunuzi, akalima. Kosa lilikuwa kumpa mnunuzi mmoja tu, aliye mbali na mikono yake, kisha kumwondoa.

Barabara nayo ina historia yake. Tazama tena ramani: kipande cha ardhi ya Kongo kimeingia ndani ya Zambia kama ulimi, kikautenga mkoa wa Luapula na Ukanda wa Shaba, ambako ndiko kwenye miji na mishahara. Ulimi huo ulichorwa na mikataba ya wakoloni. Anayetoka Nchelenge na mzigo ama azunguke mbali kupitia Serenje, ama akate ndani ya Kongo na kuvuka mipaka miwili. Pale Chembe watu walivuka mto Luapula kwa pantoni mpaka mwaka 2008, lilipofunguliwa daraja lililopewa jina la rais Levy Mwanawasa. Na kutoka Kashikishi kwenda Chiengi barabara ilikuwa ya udongo kwa miaka mingi. Samaki mkavu anavumilia foleni ya siku mbili kwenye mpaka. Embe lililoiva halivumilii.

Wala safari yenyewe haianzi vizuri. Hebu fikiria embe linavyotoka mtini. Mtoto anapanda na kutikisa tawi, au mtu anarusha jiwe, na matunda yanaanguka chini. Kila lililogonga ardhi lina jeraha ndani hata kama ngozi haijapasuka. Utomvu unaotoka penye kikonyo unamwagikia ngozi na kuiunguza, na penye mchubuko vimelea vya ukungu hupata mlango. Kisha matunda hutiwa guniani, gunia juu ya gunia, na juu ya magunia hukaa abiria. Njia bora haihitaji mashine: upembo, yaani fimbo yenye ndoana, uliofungwa kijifuko cha kudaka, embe likatwe likiwa limekomaa lakini bado gumu, na kikonyo kidogo kiachwe, likae kivulini, lisafiri katika kreti au tenga lisilojaa kupita kiasi. Lakini kreti ni fedha, na muuzaji anayejua kwamba bei ya mwezi wa Desemba haitarudisha hata nauli hana sababu ya kununua kreti. Lawama ya uzembe ni rahisi kutoa ukiwa umekaa mbali.

Mwaka 2003 kulizuka balaa jipya. Nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis, alitambuliwa nchini Kenya, na katika miaka michache akaenea sehemu kubwa ya Afrika, Zambia ikiwamo. Jike hutoboa ngozi na kutaga mayai, na funza hula tunda kutoka ndani likiwa bado linapendeza kwa nje. Tunda lilivuka bahari kitambo. Adui yake wa nyumbani aliwasili karne nyingi baadaye. Na maembe yaliyoachwa kuozea chini ya mti ndiyo yanayomlea nzi wa msimu ujao.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake ya mwaka 2011, lilikadiria kwamba duniani kote asilimia 40 hadi 50 ya mizizi, matunda na mboga hupotea au kutupwa kabla ya kuliwa. Ukubwa wa takwimu hiyo hunistua, lakini hauniambii kinachopotea hasa. Kwa hilo yatupasa kurudi Luapula na kuwaangalia watoto.

Katika miaka ya 1960 madaktari waliofanya kazi katika bonde la Luapula waliandika juu ya wingi wa watoto vipofu huko. Sababu walizozitaja ni pamoja na surua na upungufu wa vitamini A. Vitamini hiyo mwili huitengeneza kutokana na rangi ya manjano na ya chungwa iliyomo katika vyakula, na embe lililoiva ni hazina ya rangi hiyo. Nyumba ya mtoto yule huenda ilizungukwa na miembe. Desemba alikuwa na dawa mkononi, ikimchuruzika mpaka viwiko. Agosti hakuwa nayo.

Tena upo utafiti wa karibuni unaoonyesha upande wa pili. Katika miaka ya 2010 watafiti waliokuwa wilayani Mkushi, katikati ya Zambia, waliwaona watoto ambao ngozi yao iligeuka rangi ya manjano msimu wa maembe. Zambia ilianza kuongeza vitamini A katika sukari mwaka 1998, na watoto hao walikuwa tayari na akiba ya kutosha mwilini. Yalipokuja maembe kwa wingi, rangi ikazidi, ikajitokeza nje. Vitamini A hukaa katika ini, na ini la mtoto linaweza kuitunza kwa miezi. Nilipousoma utafiti huo nilitafakari sana. Hapakuwa na ghala wala kiwanda, barafu wala achari, na mahali pekee palipohifadhi embe mpaka msimu mwingine palikuwa ndani ya mwili wa mtoto aliyelila. Kwa mtoto aliyepata ya kutosha, ghala hilo latosha. Kwa yule aliyezaliwa Februari na kuachishwa ziwa mwakani, Agosti, hesabu ni nyingine.

Nisikuache na fikra kwamba dawa ni moja na iko tayari. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Makueni, Kenya, ilizindua kiwanda chake cha kusindika matunda, kinachogeuza maembe kuwa rojo la kutengenezea sharubati. Ni hatua ya kupigiwa mfano, kwa kuwa uamuzi ulifanywa karibu na miti yenyewe, na wananchi wanajua ni nani wa kumuuliza. Lakini kiwanda kinataka umeme na maji, fundi, na kazi ya kufanya miezi ambayo hakuna embe. Nawe umekwisha kuona yaliyowapata wa Mwinilunga.

Kwa ufuo wa Mweru naona vitu vidogo kuliko hivyo. Kwanza ni kikaushio chenye paa la plastiki angavu, kinachokusanya joto la jua na kuzuia mvua, kikisaidiwa na moto wa kando siku za mawingu ili hewa moto ipite bila moshi kuligusa tunda. Kipo kichanja kinachofanana nacho kwa samaki katika sehemu nyingi za maziwa yetu, kwa hiyo fundi hatashangaa akiombwa kukijenga, na miezi ambayo ziwa limefunguliwa kingeweza kukausha dagaa, mradi kisafishwe vizuri, maana embe lenye harufu ya dagaa halina mteja. Pili ni achari, kwa kuwa sasa chumvi na siki zinauzwa dukani kwa bei ambayo babu wa babu zao wangeistaajabia. Maembe yaliyoangushwa na upepo yakiwa mabichi, ambayo leo huonekana hayafai, ndiyo hasa achari inayoyataka.

Nani alipe? Hapa somo letu la uraia linaingia. Katika bajeti ya mwaka 2022 Zambia iliongeza Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na sehemu yake imetengwa kwa misaada na mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na jamii. Maombi hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata. Nchelenge ni jimbo, na Chiengi ni jimbo. Fedha hizo si za kijiji cha mtu mwingine. Lakini ombi lina kalenda yake, na embe lina yake. Kikundi kinachotaka kikaushio kiwe kimesimama mvua za Novemba zinapoanza hakiwezi kungoja harufu ya matunda yanayooza ndipo kiitishe mkutano. Inabidi kiandike mwezi wa Machi au Aprili, nyavu zikiwa zimerudi majini, matawi yakiwa matupu, na hakuna hata mtu mmoja kijijini anayefikiria maembe.